Kalamu Nyekundu ya Baba Pacha

"Baba Pacha, kama umepiga kuniuliza narudi lini, kata simu. Nina mikono miwili tu, na yote iko kwenye kamba."

Mama Pacha alikuwa ameinama juu ya cherehani yake anaifunga kwa gunia, simu ameibana kati ya bega na sikio. Jumamosi gari lingekuja kumhamishia kwa dada yake, mji wa pili. Miezi miwili sasa alikuwa analala chumba cha nyuma cha duka lake la ushonaji, tangu siku ile mumewe, jaji mzima anayeogopwa na mawakili, alipogonga meza kwa kijiko na kusema, "Nimekuelewa. Nunua miwani. Limekwisha."

Lilikuwa halijakwisha. Mama Pacha hakuwa amefika hata nusu ya aliyotaka kusema.

"Sikupiga kwa hilo," jaji alisema. Sauti yake ilikuwa chini, kama ya mtu aliyefokewa. "Niko kwenye mafunzo. Tumetoka kula."

"Mafunzo ya nini tena? Una mvi hadi masikioni!"

"Ya kusikiliza."

Mama Pacha aliachia kamba. Kicheko kilimtoka bila ruhusa. "Mungu mkubwa! Na huyo jasiri aliyekupeleka ni nani?"

"Ni lazima kwa majaji wote. Nimeahirisha mara tatu, mwaka huu nikaishiwa visingizio. Mkufunzi ni mama mmoja, jaji mstaafu, mfupi, hacheki. Leo asubuhi katugawia kila mtu mwenendo wa kesi, yaani kila neno lililosemwa mahakamani siku hiyo. Majina yote yamefutwa kwa wino mweusi. Akasema, someni, mwandike mnamwonaje aliyekalia kiti cha jaji."

"Na wewe ukatoa kalamu yako nyekundu."

"Nikatoa. Lilikuwa shauri la mpaka wa kiwanja. Bibi mmoja anaeleza ua ulihamishwa lini, jaji anamkata. Anaanza upya, anamkata. Nilihesabu, Mama Pacha. Mara thelathini na nne! Nikapandwa na hasira, nikaandika: 'Huyu hasikilizi, anasubiri zamu yake ya kusema. Asiachiwe shahidi hata mmoja mpaka afundishwe upya.'"

"Enhe?"

"Mkufunzi akaja mezani kwangu na nakala isiyofutwa."

Mama Pacha akahamishia simu sikio la pili.

"Ilikuwa kesi yangu. Ya mwaka jana."

"Kesi yako mwenyewe, na hukuijua?"

"Ndiyo ubaya wake. Yule bibi alisimama mbele yangu siku nzima, na sikumbuki hata sauti yake. Alikata rufaa akashinda, nashukuru. Lakini si kwa sababu yangu."

"Ukafanyaje? Ukaikunja ukatia mfukoni?"

"Nilipewa nafasi hiyo. Mkufunzi alisema kila mtu abaki na lake. Nikasimama, nikawasomea wenzangu ishirini. Pamoja na yale maandishi mekundu."

Mama Pacha akakaa kitini. Miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kumsikia mtu huyu akikubali kosa, hata la chumvi.

Alhamisi ujumbe ukaingia: "Tuna zoezi. Ukae na mtu, aseme mpaka amalize, kisha umrudishie alichosema. Yeye ndiye anasahihisha. Darasani nimefeli mara mbili. Naomba nije kesho saa kumi."

Akajibu: "Kufeli unakujua wewe?"

"Sasa nakujua."

Dada yake alipoambiwa alifoka kwenye simu: "Usidanganyike! Siku tano za darasa zitabadilisha miaka thelathini?"

"Sijui, dada. Ila mtu aliyejisoma kwa sauti mbele ya wenzake, mimi simcheki."

Ijumaa saa kumi kamili alifika, kitambulisho cha mafunzo kinaning'inia shingoni, daftari la shule mkononi. Akakaa kwenye stuli ya wateja, magoti karibu yaguse kidevu.

"Anza," akasema. Halafu akashtuka. "Samahani. Ukiwa tayari."

Mama Pacha akaegemea cherehani iliyofungwa. "Siku ile sikuja kuomba miwani."

Mdomo wa jaji ukafunguka. Mama Pacha akainua kidole. Mdomo ukafungwa.

"Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto linazimika taratibu, na kilichopotea hakirudi. Siku hizi uzi natunga kwa kupapasa na ulimi. Nimeshona gauni la mtu lina mikono miwili ya kulia, nikamwambia ndio mtindo."

Jaji aliokota kifungo mezani akakiuma.

"Maneno yale niliyapanga wiki nzima. Nikafika kwenye 'macho', ukagonga kijiko. Nikajisemea, nikipofuka kwenye nyumba hii, hata sauti sitakuwa nayo. Jumatatu nina kliniki kule kwa dada. Yeye ndiye atanishika mkono."

Jaji akasubiri, akasubiri tena.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akatoa kifungo mdomoni. "Hukuja kuomba miwani. Una presha ya macho, jicho la kushoto linazimika na halirudi. Uzi unatunga kwa ulimi. Kuna mtu anatembea mjini na mikono miwili ya kulia. Uliyapanga maneno wiki nzima, nikagonga kijiko kwa sababu mimi ni katili..."

"Hapo umeongeza. Sikusema katili."

"Nafuta."

"Futa."

"Nikagonga kijiko. Ukaona ukipofuka kwangu..." Akaanza upya, polepole. "Ukaona ukipofuka kwangu, hata sauti hutakuwa nayo. Na Jumatatu dada ndiye atakushika mkono."

"Sahihi," Mama Pacha alisema. Macho yote mawili yalikuwa yamejaa, lile zima na lile gonjwa. "Haya, Mheshimiwa. Hukumu yako?"

"Sina. Nina swali moja, kama naruhusiwa."

"Moja tu."

"Jumatatu, ukikubali nikupeleke mimi, nitembee upande gani?"

Mama Pacha akachukua simu, akapiga.

"Dada, mwambie dereva wa kesho asije. Hapana, hajanidanganya. Atanidanganyaje, na kukaa kote huku hajasema lake hata moja!"

Akakata. Akafungua fundo la kamba, gunia likaanguka, cherehani ikabaki wazi mahali pake pale pale.

"Kushoto," akamwambia. "Ndiko nisikoona."

Jaji akasimama, akainua stuli yake, akahamia kushoto.