Nusu ya Uso wa Brina

Asubuhi za kiangazi, kabla ya chai, Brina alimsaidia bibi yake kwenye mizinga ya nyuki. Bibi Pavla alikuwa ameipanga mizinga yake ndani ya kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, kila mmoja na mlango wa rangi yake ili nyuki wasikosee kwao. Brina alipuliza moshi, Bibi akainua masega, na nyuki wakawazunguka wote wawili. Kuumwa waliumwa, tena mara kwa mara. Katika nyumba ile, mtu akiumwa na nyuki hapakuwa na aliyeacha kutafuna mkate kwa ajili yake.

Baada ya chai Brina alikwenda msituni kuchuma matunda, na jioni alikwenda kwenye ukumbi wa zimamoto kufanya mazoezi ya tarumbeta. Kijiji chao kilikuwa milimani, kusini mwa Slovenia, na wazima moto wake walikuwa watu wa kijiji wenyewe. Kila mwaka walifanya sherehe kubwa yenye muziki, nyama ya kuchoma na dansi. Mwaka huo Mwalimu Kobal, kiongozi wa bendi yao, alikuwa amemchagua Brina apige peke yake wimbo wa kufungua sherehe. Brina alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliupenda wimbo huo hata akawa anaupiga kwa midomo mitupu akiosha vyombo.

Siku moja mama yake aliona alama nyekundu nyuma ya goti lake.

"Nini hiyo?"

"Nyuki," Bibi alijibu kabla Brina hajafungua mdomo. "Leta kitunguu."

Wakapaka kitunguu. Lakini alama ile haikuuma wala kuwasha. Ilizidi tu kutanuka, ikawa pana kama kisahani cha kikombe, katikati yake pakaanza kufifia. Brina aliona ajabu, kwa sababu nyuki akikuuma unajua papo hapo, na yeye hakukumbuka kuumwa mahali pale. Alichokumbuka ni kupe. Wiki iliyotangulia, akitoka msituni, alimbandua kupe mdogo mno mahali pale pale nyuma ya goti, akamtupa. Hakumwambia mtu. Kupe walikuwa kila mahali, na darasa lao zima lilikuwa limechanjwa. Watu wote pale kijijini waliiita chanjo ya kupe.

Baadaye alama ikapotea, na wote wakaisahau.

Kisha Brina akaanza kuchoka. Alilala mchana kama mtoto wa chekechea. Mama alisema ni uchovu wa mitihani. Goti likamuuma, Bibi akasema, "Anarefuka huyu, mifupa inavutana." Kichwa kikauma na shingo ikawa ngumu, wakasema ni kwa kuinama sana akichuma matunda. Kila kitu kilipatiwa sababu yake, na kila sababu ilikuwa na maana.

Asubuhi moja ya Ijumaa, maziwa yalimchuruzika kidevuni.

"Kunywa vizuri, we mtoto," Bibi alisema bila kugeuka. "Umeota meno leo?"

Brina akacheka, akajifuta. Jioni alikwenda mazoezini. Sherehe ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Mwalimu Kobal aliinua mkono, ukumbi ukanyamaza, Brina akaweka tarumbeta mdomoni na kupuliza.

Ilitoka sauti kama ya puto lililotobolewa. Alijaribu tena. Pumzi ilikuwa inavuja upande wa kushoto wa mdomo, na midomo ilikataa kukaza.

"Leo tunapigiwa wimbo wa bata!" alisema Lojze, mvulana aliyepiga tarumbeta ya pili. Wenzake wakaangua kicheko. "Halafu we Brina, unamkonyeza nani? Mimi? Nina mchumba, bwana!"

"Simkonyezi mtu!"

"Si hivyo unakonyeza tena!"

Mwalimu Kobal alimkaribia. Hakuwa anacheka. "Brina, hebu tabasamu," alisema.

Brina akatabasamu. Kicheko chote ukumbini kikakatika kama redio iliyozimwa.

Alikimbilia chooni penye kioo. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa unatabasamu. Upande wa kushoto ulining'inia tu, kama uso wa mtu mwingine ulioshonewa hapo. Alifumba macho, na jicho la kulia likafumba. Jicho la kushoto lilibaki wazi, likimtazama. Brina alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani.

Nyumbani, Bibi alijua jibu mara moja.

"Upepo! Nimesema mara ngapi, usilale na nywele mbichi dirisha wazi?" Alimfunga Brina skafu ya sufu kichwani, akapasha chumvi moto kwenye kitambaa na kumkandamizia shavuni. "Dada yangu alipigwa na upepo ndani ya treni, uso ukaenda upande hivi hivi. Ukarudi wenyewe."

Mama aliingia kutoka kazini, mfuko wa mikate mkononi. Alipomwona Brina, mfuko ulianguka na mikate ikabingirika mpaka chini ya jiko. Hakuna aliyeiokota.

"Mungu wangu! Mwanangu kapooza?"

"Punguza kelele," Bibi alisema. "Ni upepo. Utamsumbua daktari Ijumaa jioni kwa ajili ya upepo? Tungoje Jumatatu."

Mama alimtazama Bibi, akamtazama Brina, akasita. Katika nyumba ile Bibi ndiye aliyejua tiba. Brina naye alitaka sana uwe upepo, maana upepo ungepita na sherehe ingemkuta mzima. Akifika hospitali, nani angemruhusu kupiga tarumbeta? Lakini akajaribu tena kufumba jicho, na tena likakataa.

"Bibi," alisema, maneno yakimtoka yamepinda, "je, nikingoja na uso usirudi?"

Mama alichukua funguo za gari.

Daktari Zorman, aliyekuwa zamu kwenye kituo cha afya, alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alimwambia Brina ainue nyusi na avimbishe mashavu. Kisha akauliza kuhusu kichwa, shingo, uchovu na viungo. Kwa kila swali Brina alijibu ndiyo, na kwa kila ndiyo uso wa Mama ulizidi kuwa mweupe.

"Ulipata alama yoyote kwenye ngozi, mwezi huu au uliopita?"

"Nyuki tu," Bibi alidakia. Alikuwa amesimama mlangoni, skafu ya sufu mkononi.

"Namuuliza Brina, Bibi."

Brina aligusa nyuma ya goti. "Ilikuwa nyekundu, ikatanuka. Lakini hapo sikuumwa na nyuki. Nilimtoa kupe."

"Lakini kachanjwa!" Mama alipaza sauti. "Wote wamechanjwa kupe!"

"Hamkuchanjwa kupe, Mama Brina. Mlichanjwa dhidi ya ugonjwa mmoja anaoubeba kupe, ule wa kuvimba ubongo. Chanjo hiyo ni nzuri, msiiache. Lakini kupe huyo huyo hubeba ugonjwa mwingine, unaitwa Lyme, na huo chanjo hiyo haiuzuii hata kidogo."

Bibi alikaa kwenye kiti kama aliyesukumwa.

"Kupe mdogo vile?" aliuliza.

"Wadogo ndio hatupati kuwaona, wengine ni kama punje ya ufuta. Na ugonjwa wenyewe hauji kwa sura moja. Mmoja hupata alama inayotanuka, mwingine haoni alama yoyote. Huyu huvimba goti, yule huumwa kichwa, mwingine uso humlegea. Nadhani ndio huo, ila kudhani hakutoshi. Tutapima."

Usiku ule ule walipelekwa hospitali ya mji mkuu. Brina alitolewa damu, kisha akatolewa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, Mama akimshika mikono yote miwili. Majibu yalipotoka, yalithibitisha kuwa ni Lyme. Alipewa dawa za kuua vijidudu na matone ya kulinda jicho lisilofumba.

"Nitapiga tarumbeta tena?" aliuliza.

"Watoto wengi uso hurudi," daktari wa pale alisema. "Siku gani, siwezi kukuahidi."

Sherehe ilipofika, Brina alikuwa kitandani hospitalini. Lojze ndiye aliyepiga wimbo wake. Siku ya pili alikuja kumtazama, kofia mkononi.

"Nilikosea katikati," alisema. "Wote walisikia." Akaiweka kofia kitandani. "Nilidhani unatania, siku ile."

"Hata mimi nilitamani iwe utani."

Uso ulirudi polepole, kwanza jicho, kisha kona ya mdomo. Majani ya miti yalikuwa yameanza kugeuka manjano Brina alipoweka tena tarumbeta mdomoni, jikoni kwao. Sauti ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ilitoka safi, ndefu, ikajaza nyumba. Mama aliketi chini na kulia.

Brina akiwa bado anapiga, jirani yao Marjeta aliingia akimvuta mwanawe kwa mkono.

"Bibi Pavla, hebu mtazame huyu. Ana wekundu ubavuni. Nimpake kitunguu?"

Bibi aliinama akatazama, kisha akainuka.

"Usiniulize mimi," alisema. "Mimi najua nyuki. Wa kwangu alikuwa na alama, akachoka, goti likamuuma, na mimi kila kimoja nilikipa jina lake. Hata siku moja sikukaa chini nikaviweka pamoja. Mpeleke kwa daktari, na umweleze vyote, hata unavyoona si kitu. Tena leo, Marjeta, usingoje Jumatatu."

Akamfungulia mlango mwenyewe.