Umepapasa Ndani?

Kila Jumamosi, bomba la mwisho wa mtaa lilifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne kamili. Wakubwa wa maji walikuwa wameahidi bomba kwa kila nyumba. Walichimba barabara, wakaondoka, wakatuachia mashimo. Kwa hiyo toroli la mwashi mmoja wa mtaa wetu, lililobeba mchanga na matofali siku za kazi, Jumamosi lilibeba madumu.

Binti yake wa miaka kumi na miwili aliitwa Chapchap. Jina hilo alibandikwa na mama yake, Mungu amrehemu, kwa sababu mtoto huyo alikuwa hatembei, anaruka. Asubuhi hiyo alilikuta toroli limeinama, tairi limenywea kama soksi iliyovuliwa.

"Pancha," baba alisema. "Na jirani yetu mshonaji amejifungua juzi, hana hata tone la maji la kumwogeshea mtoto. Nimemwahidi madumu manane. Kimbia ukamwite fundi baiskeli."

"Wa nini, Baba? Nitaziba mwenyewe. Nimekuona ukiziba mara ngapi?"

Baba akamtazama, kisha akamsogezea kisanduku cha vifaa. "Haya, fundi. Kazi kwako."

Chapchap akafungua gurudumu, akabandua tairi kwa mipini ya vijiko viwili, akatoa mpira wa ndani. Akaujaza upepo, akauzamisha kwenye beseni. Mapovu yakapanda mstari mmoja.

"Nimekukamata!"

Akatia alama, akaukausha, akasugua kwa msasa, akapaka gundi. Akasubiri mpaka ikaanza kukauka, akabandika kiraka. Kilikaa vizuri kama kimezaliwa hapo.

"Umepapasa ndani ya tairi?" baba aliuliza kutoka barazani.

"Nimepapasa, Baba."

Hakuwa amepapasa. Saa zilikuwa zinakimbia, na pampu ilikuwa tayari mkononi.

Alirudi kutoka bombani na madumu manne, kifua mbele. Karibu na mlango wa mshonaji, toroli likaanza kuvuta upande mmoja. Fsss!

"Fundi, tairi limeomba ruhusa!" watoto wa mtaani wakacheka.

Baba akaja mbio. "Hawa waliochimba barabara! Misumari wameimwaga kama wanapanda mahindi! Wewe ungefanyaje, mwanangu?"

 Chapchap angeitikia tu, lawama zote zingewaendea wakubwa, na baba angeongeza nyingine. Lakini akaachia mikono ya toroli.

"Baba, sikupapasa. Nilikudanganya."

Baba hakugomba. Aliyabeba madumu mawili mawili mpaka ndani kwa mshonaji, akarudi, akachuchumaa kando ya toroli. "Papasa sasa."

Chapchap akabandua tairi tena, na safari hii alipitisha vidole ndani yake polepole, kila mahali. "Aa!" Kipande cha waya, kifupi kama punje ya mchele, kilikuwa kimechomoza ndani ya tairi. Kiraka chake kilikuwa kizima. Tundu jipya lilikuwa kando yake.

"Unawajua wale ninaowalaumu kila siku?" baba alisema. "Kosa lao si mashimo tu. Huulizwa kama wamekagua, wakajibu wamekagua, na hawakukanyaga huku. Neno hilo sikulitaka nyumbani kwangu. Leo umeliingiza, na umelitoa mwenyewe. Wao hawajawahi kulitoa. Haya, ziba."

Chapchap aliung'oa waya kwa koleo, akaziba, akapapasa mara mbili, akarudi bombani kwa madumu manne yaliyobaki. Mlinzi wa bomba alikuwa ameshashika ufunguo dumu la mwisho lilipojaa.

Mshonaji alitoka mlangoni kuyapokea, mtoto begani. "Ahsante, mwashi. Nimeona tairi likifa, nimeliona likifufuka. Fundi huyo umemtoa wapi?"

"Nimemzaa mwenyewe," baba alisema, akamwekea Chapchap mkono begani. "Na huyu akikwambia amekagua, amekagua."