Mgeni wa Meza Zote

Kila alasiri, masomo yalipokwisha, Charlène hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikatiza njia za mtaa wa Kasha hadi kwenye ghala la zamani la kahawa, ambalo parokia iliwapangisha mafundi kwa bei nafuu. Alilipenda ghala lile tangu utotoni. Harufu ya mbao na mafunjo mabichi ilimrudisha kwenye siku zile alipokuwa akilala chini ya meza ya bibi yake, Koko Eulalie, msusi wa vikapu, huku Papa Mushagalusa, mchonga viti, akigonga patasi yake.

Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kupokea wageni. Marehemu Papa Lucien, aliyewaombea mafundi ghala hilo, aliacha desturi moja: mgeni azungushwe meza zote kabla ya kununua chochote.

Charlène aliifuata vizuri mpaka alipokuja Francine, msusi kutoka kisiwa cha Idjwi. Vikapu vyake vilikuwa na michoro myeusi ya kupendeza mno, na Charlène akaingiwa na hofu. Nani atanunua tena vya Koko? Meza ya Francine ilikuwa nyuma ya rundo la mbao, haionekani kutoka mlangoni. Basi wageni walipokuja, Charlène aliwafikisha kwa Koko, akaishia hapo. Koko aliinamia kazi yake, hakugundua. Francine naye, kwa upole na ugeni wake, hakulalamika.

Siku moja akaja Maman Tatiana, mwenye mgahawa kando ya ziwa. Alitaka vikapu vya mkate.

“Hakuna mususi mwengine?” alimwuliza Charlène pale mlangoni.

“Hapana, Maman. Ni Koko tu.”

Maman Tatiana akaagiza vikapu vyote kwa Koko, na Charlène alirudi nyumbani akiruka kwa furaha.

Ijumaa iliyofuata alimkuta Francine akifunga mafunjo yake kwa kamba.

“Maman Francine, unaenda wapi?”

“Narudi Idjwi, mutoto yangu. Mwezi muzima, hata mutu moja hakufika ku meza yangu. Labda kazi yangu haiko muzuri.”

Maneno hayo yalimchoma Charlène. Machozi yakamtoka.

“Kazi yako iko muzuri sana! Ni mimi nilikuwa nafikisha wageni kwa Koko tu. Na Maman Tatiana, nilimudanganya.”

Papa Mushagalusa akageuka, patasi mkononi. Koko akaweka kikapu chini, akamwita mjukuu wake karibu.

“Charlène, unajua zamani nilikuwaka nasukia wapi? Ku jikoni, mu moshi. Mvua ikinyesha, mafunjo inaoza. Lucien njo alinileta hapa. Na huyu Mushagalusa njo aliniletea muteja wa kwanza, mutu mwenye alikuja kutafuta kiti. Ile siku batoto ya Mushagalusa hawakukula.”

“Ule mutu alinunua kikapu, na kiti hakuinunua!” akasema Papa Mushagalusa, na wazee hao wawili wakacheka mpaka Koko akajifuta macho. Alimkumbuka Lucien sana.

Kisha akasema, “Kesho utaenda kwa Maman Tatiana. Utasema yote, wewe mwenyewe.”

Charlène hakupata usingizi vizuri. Hata hivyo asubuhi alikwenda, akasimama mbele ya Maman Tatiana na kusema yote. Mama huyo alikunja uso, kisha akachukua mkoba wake, wakafuatana hadi ghalani. Safari hii Charlène alianzia nyuma ya rundo la mbao. Maman Tatiana alikishika kikapu cha Francine, akakigeuzageuza. Hatimaye akaomba wasusi wote wawili wafanye kazi pamoja: Koko asuke, Francine atie michoro. Francine akafungua mafunjo yake.

Jioni, wakifagia, Koko alimshika Charlène bega.

“Parokia ilitupa paa, mutoto yangu. Lakini paa haileti muteja. Sisi kwa sisi njo tunaletana. Ukificha mwenzako, unatoboa hii paa yetu, na mvua haichagui meza.”