Dodoso Nililomtega Nalo Mchumba Wangu

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Sumbawanga. Nina shahada ya chuo kikuu. Wazazi wangu waliitia fremu wakaitundika sebuleni, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa. Siku hizi nikipita mbele yake nainamisha macho... Nisomeni, ndugu zangu, mtajua kwa nini.

Tangu utotoni mimi ni mtu wa wasiwasi. Mama akichelewa kurudi kutoka sokoni, mimi nilikuwa nimeshamlilia, nimeshamzika, nimeshajiuliza nani atatulea. Rafiki yangu wa kazini, Salome, alizoea kunicheka. “Konso wewe, hata chai ikichelewa kuchemka unadhani jiko linakuchukia!”

Nilipomaliza chuo nilipata kazi katika ofisi moja ya utafiti hapa mjini. Tangu biashara ya mazao iachiwe huru, kampuni za mbegu, za mbolea na za simu zote zinataka kujua wakulima wanafikiri nini. Kazi yangu ilikuwa kutunga madodoso ya mtandaoni, yale ambayo mtu anatumiwa kwenye simu na kujibu kwa kubonyeza.

Madodoso yangu yalikuwa na akili. Mtu akijibu kwamba anafuga, dodoso linamuuliza habari za malisho na josho. Akisema hafugi, maswali hayo yote yanarukwa, anapelekwa moja kwa moja kwenye mahindi na ulezi. Kila jibu linafungua njia yake. Niliipenda kazi ile! Kwa mtu mwenye wasiwasi kama mimi, kujua swali litakalofuata kabla mwenzako hajafungua mdomo ni raha isiyo na kifani.

Mchumba wangu aliitwa Deo. Alifanya kazi kwa wakala wa forodha pale Kasesya, mpakani na Zambia, na kila mwisho wa wiki alipanda mjini kuniona. Alikuwa mpole, mcheshi, mtu wa kanisa. Mahari ilishapokelewa, na jina langu na lake yalishaanza kutangazwa parokiani. Mnajua utaratibu wetu... Jumapili tatu mfululizo majina yanasomwa, na mwenye kujua kizuizi chochote anatakiwa aseme.

Baada ya tangazo la kwanza, Salome, ambaye kwao ni kijiji cha Msanzi, aliniambia kwa utani, “Shemeji tunamwona sana Msanzi siku hizi. Ana shamba kule, au anatulimia nini?”

Yeye alicheka. Mimi nilisukuma sahani pembeni!

Msanzi? Mbona hajawahi kunitajia? Anafuata nini? Anafuata nani? Nilipompigia simu nilimuuliza habari za kazi, habari za mvua, habari za malori yaliyokwama mpakani. La Msanzi halikutoka. Niliogopa kwamba nikiuliza atanidanganya, nami nitamwamini. Basi nikafanya lile nililolijua.

Nikatunga dodoso.

Nililipa jina zuri, “Vijana na Maandalizi ya Ndoa.” Juu kabisa niliandika kwamba majibu ni ya siri na kwamba hakuna atakayejua jina la mjibuji. Kisha nikalituma kwa mtu mmoja tu duniani. Nilimwambia ofisi yetu inafanya utafiti, naomba anisaidie. Akanijibu, “Kwa kazi ya mke wangu nitajibu hata maswali ya mtihani.”

Wasomaji wangu, huruma haikuniingia!

Ilikuwa mchana, nimekaa mbele ya kompyuta ofisini. Kila alipobonyeza “endelea”, jibu lake liliingia kwangu. Umri wake. Dini yake. Kazi yake.

Likaja swali nililolitunga kwa ajili yake: Je, kuna jambo unalomficha mchumba wako?

Jibu lilichelewa... likachelewa... Nikaanza kuomba aseme hapana.

Ndiyo.

Jibu hilo lilimfungulia swali linalofuata: Jambo hilo linahusu nini? Nilikuwa nimempa majibu matatu tu, achague moja: mwanamke mwingine, ugonjwa, au mtoto. Hapakuwa na nafasi ya kuandika maelezo, na swali lilikuwa la lazima.

Akachagua mtoto.

Mama wa mtoto huyo mnawasiliana? Ndiyo. Unampenda? Ndiyo. Uko tayari kumwacha kwa ajili ya mchumba wako? Hapana. Utamweleza mchumba wako lini? Baada ya ndoa.

Baada ya ndoa! Nikishafungwa pingu! Niliinuka nitoke nje. Nyuma yangu simu iliita kwa ujumbe wake: “Nimemaliza, mwalimu. Usije ukaninyima maksi.” Ningekuwa na akili timamu ningejiuliza, je, mtu mwenye hatia hufanya utani namna hii? Lakini niliusoma kama dharau.

Baada ya tangazo la pili nilikwenda kwa paroko. Nikamweleza kwamba mchumba wangu ana mwanamke na mtoto Msanzi. Padre akaniuliza, “Binti, umemuuliza mwenyewe?”

“Ndiyo, Padre,” nilisema. “Nimemuuliza, na amekiri.”

Nasema kweli, neno hilo ndilo lililoniangamiza. Laiti ningesema hapana, angetuita sisi wawili peke yetu! Kwa kuwa nilisema amekiri, aliita familia zote mbili.

Tulikutana katika nyumba ya mapadre. Baba yake Deo alipanda kutoka kijijini kwao Kaoze, mzee mkali, mkulima asiyetaka aibu mlangoni kwake. Deo aliingia akiwa na vumbi la safari, akaamkia wakubwa, akaniuliza kwa jicho kuna nini. Sikumtazama.

Mjomba wangu alipomsomea mashtaka, Deo alimgeukia. “Nani kawaambia maneno haya?”

Nikatoa simu. Nikayasoma majibu yake mwenyewe, moja baada ya jingine, mbele ya baba yake. Nilisoma kwa sauti kubwa, wenzangu, kama mshindi!

Deo alinitazama kama mtu asiyenifahamu. “Konso, mbona hukuniuliza?”

“Nimekuuliza! Si haya hapa?”

“Uliniuliza ndiyo au hapana. Hukuniuliza mtoto ni wa nani.”

Mzee akasimama. “Haya, mimi nakuuliza. Ni wa nani?”

Deo aligeukia dirishani. Alijua akinyamaza ananipoteza, na akisema anampoteza mwingine. Mzee akarudia swali kwa Kifipa, na ndipo Deo alipolitamka jina la mdogo wake. Evodia.

Evodia alipata ujauzito akiwa kidato cha pili, akikaa Msanzi kwa mama yao mdogo. Baba aliambiwa binti anaumwa. Mtoto akazaliwa, akaachwa kwa mama mdogo, na Deo akamtafutia mdogo wake shule nyingine ambako hawakujua lolote. Wakati ule binti aliyezaa hakuwa na nafasi shuleni. Deo alikuwa akipeleka unga wa uji na nguo za mtoto, na alimwapia Evodia kwamba siri haitatoka mpaka amalize shule. Alikuwa amepanga tukishaoana tumlee yule mtoto kwetu.

Nami nilimuuliza, mama wa mtoto unampenda? Sasa angejibuje, kwamba hampendi mdogo wake?

Mzee alitoka bila kuaga. Wiki hiyohiyo alikwenda shuleni mwenyewe, akamtoa binti yake mbele ya wenzake. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu kabla ya mtihani wa kidato cha nne.

Tangazo la tatu halikusomwa. Nilimfuata Deo, nikapiga magoti, nikalia. Aliniinua kwa upole uleule. “Lako kwangu nimeshakusamehe,” alisema. “La Evodia siwezi kukusamehe kwa niaba yake.” Hakurudi tena kwetu.

Nikakusanya moyo nikaenda Msanzi. Nilimkuta Evodia uani anapepeta ulezi, mtoto amemshika sketi. Ilikuwa sketi ya shule. Nilitarajia matusi, nilitarajia anifukuze. Aliweka ungo chini, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

“Shikamoo, dada.”

Nilifungua mdomo niitikie... sauti haikutoka. Mpaka leo ile shikamoo nadaiwa.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi! Ukiwa na shaka juu ya umpendaye, kaa naye, mtazame usoni, muulize kwa mdomo wako, kisha umwache aseme mpaka amalize. Usimtungie njia halafu ukamhukumu kwa pale njia ilipomfikisha. Mimi nilimwandalia Deo njia za mkosaji tupu. Ya mtu mwema sikuiweka hata moja.