Koti Lililokunywa Maziwa

"Dakika tano tu, Mama Teta," mume wangu aliniambia. "Nachukua koti, tunaenda."

Tulikuwa Buffalo, mtaa wa Black Rock, jua limeshazama nyuma ya viwanda vya pembeni mwa mto. Tulitoka kwenye harusi ya binamu yake. Bado nilikuwa nimevaa vya harusi, viatu vinaniuma, na mbele yetu kulikuwa na safari yote ya kurudi Louisville.

Eti koti!

Niwaambie wazi. Kabera, mume wangu, alikuwa anakusanya nguo za jeshi za zamani, za ile vita ya pili ya dunia. Buti, mikanda, kofia za chuma, chupa za maji za wanajeshi waliokwisha kufa. Kwenye ghala alikofanya kazi alikutana na wazungu wenye mchezo wao: wanavaa nguo hizo, wanakwenda shambani, wanapigana vita vya uongo, wanaanguka, wanakufa, wanaamka, wanakula nyama choma. Na yeye akaingia humo. Sisi, watu tuliokimbia risasi kwetu Minembwe, milimani, na watoto mgongoni!

"Vita tuliikimbia kwa miguu," nilikuwa namwambia. "Weye unaifuata kwa gari, tena unaitilia na mafuta."

Alicheka tu. Miye nilitaka kitu kimoja: mume wangu atoke katika mambo hayo, anirudie mzima. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Aliyetufungulia mlango alikuwa muuzaji wa koti, bibi mzungu, peke yake, mrija wa oksijeni puani. Kazi yangu ni kutunza wazee, kwa hiyo macho ya mtu asiyelala nayajua. Yule bibi alikuwa hapati usingizi. Alitushusha ngazi mpaka chumba cha chini ya nyumba, na lile koti lilikuwa huko, koti refu la sufu, limetundikwa likiangalia ukuta. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa hadi shingoni. Lilinuka naftalini na tumbaku. Na chini ya hapo… udongo uliolowa maji.

Kabera alilibeba kama mtoto aliyepewa zawadi. Nilipotaka kumfuata, bibi alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Litundikeni," alininong'oneza. "Msiliketishe kamwe."

"Kwa nini?"

Alikuwa analia, na kwa jinsi alivyolia nikaona ni furaha. Tulipofika kwenye gari niligeuka kuangalia. Kwa baridi ile ya Novemba, alikuwa anafungua madirisha yote ya nyumba, moja baada ya jingine.

Nilimwambia Kabera maneno ya bibi. "Amezeeka huyo," akasema, akalitupa koti kiti cha nyuma.

Tulikuwa hatujafika mbali, gari ikaanza kulia.

Ti… ti… ti…

Ilikuwa kengele ya mkanda wa kiti cha nyuma, ile inayolia mtu akikaa bila kujifunga. Kabera akasema, "Donc, yaani koti lina uzito, ni sufu ya kweli hiyo." Nikageuka. Alipolitupa lilikuwa limelala.

Sasa lilikuwa limekaa.

Nilipiga kelele mpaka akasimamisha gari pembeni, akalitia kwenye buti ya gari. Nilisali kwa sauti hadi tukaingia Ohio. Yeye alinicheka njia nzima, akasema mlokole gani anaogopa nguo.

Kesho yake jioni nilitoka kazini, nikafika kwetu, mtaa wa Newburg, Louisville, nimechoka hoi. Mama mkwe wangu, Bamurange, alikuwa sebuleni. Macho yake yana ukungu, anaona vivuli tu. Alikuwa amekaa wima kwa adabu, mikono magotini, namna anavyokaa mbele ya mtu mzito. Na mbele yake, kwenye kiti kikubwa, alikuwapo mtu.

Hakuwa mtu. Lilikuwa lile koti. Kabera alikuwa amelijaza mito, akaliketisha na kuliwekea kofia ya chuma juu, apige picha ya kuwatumia wenzake. Halafu akaenda kuoga akaliacha hapo.

"Mwana wangu," Mama akaniambia polepole, "mgeni wenu ni mpole. Ila hasemi sana."

Nilianza kucheka. Halafu nikaona kikombe.

Kwetu milimani mgeni hupewa maziwa kabla hajaulizwa lolote. Unampa kwa mikono miwili. Na aliyekunywa maziwa yako amekuwa mtu wa nyumba, humfukuzi hata akiwa adui. Mama mkwe alikuwa amefanya alivyofundishwa na mama yake. Kikombe kilikuwa kwenye mkono wa kiti, kitupu na kikavu ndani. Kwenye ukosi wa koti palikuwa pamelowa, na palinuka maziwa.

"Mama… hasemi sana? Amesema nini?"

"Ameuliza jina la mwenye nyumba."

"Na weye?"

"Nimemwambia. Kabera."

Nilipomweleza kwamba ile ni nguo tu na mito, Mama hakunibishia. Alivuta kitenge chake mabegani.

"Nimemkaribisha mwenyewe," akasema. "Siwezi kumfukuza tena. Ataondoka akitaka, na mwenye nyumba atamsindikiza. Mgeni ndiye atasema wamefika wapi."

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanasema hivyo kwa sababu mgeni wa aina ile hajawafikia.

Nilimvaa Kabera akiwa bado anadondosha maji ya bafuni. Nilimwambia alitupe. Nilimwambia tutaachana. Alisema Jumamosi ile wana vita yao kubwa karibu na Columbus, amewaahidi wenzake, baada ya hapo ataliuza. Siku zote zilizofuata kile kiti kililia jioni, kwiii… kwiii… kama mtu anageuka kutafuta raha, na koti liko kabatini. Harufu ya udongo ikaingia mpaka kwenye mchele.

Nikasema basi, haendi peke yake. Nikaenda naye Columbus.

Lilikuwa shamba la mahindi yaliyokwisha vunwa, watu wamekuja na viti vya kukunja na watoto na kahawa. Kabera alivaa koti. Nilimwona akifunga vifungo, na vya juu hakuvigusa. Vilijifunga. Nilimwita, hakugeuka. Filimbi ikapigwa, baruti zikaanza kulia, moshi ukajaa. Nilijua ni uongo, lakini nilijikuta nimechuchumaa. Nilimwona akikimbia mbele, akasimama ghafla kama amegonga ukuta, akaanguka.

Watu wakampigia makofi. Mzee mmoja karibu yangu akasema huyo ndiye anajua kufa.

Filimbi ya mwisho ikalia. Maiti wote wakaamka, wakajipangusa, wakasalimiana.

Kabera hakuamka.

Nilikimbia na viatu vikabaki matopeni. Alikuwa amelala chali na shati lake tu, macho wazi. Koti lilikuwa pembeni yake, limelala lenyewe, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, mikono imekunjwa kifuani. Hakuna aliyemwona akilivua. Nilimtingisha, nikamwita kwa jina lake, jina la baba yake, jina la Yesu. Akapepesa macho. Akaniangalia usoni muda mrefu, akitabasamu.

"Nimefika," akasema.

Nilimkumbatia nikalia. Yuko hai! Nilisikia neno lake lakini sikulitaka, kwa hiyo sikulipokea.

Tuliporudi nyumbani mume wangu akawa mtu mzuri. Ni haki yake niseme. Aliosha vyombo. Vile vyuma na mikanda yake yote aliviuza bila kuombwa. Alisali muda mrefu, amepiga magoti, midomo haitikisiki. Nilipomuuliza binti yetu Teta kama haoni kitu, alijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Mom, he's fine. He's nice now." Eti yuko sawa, tena siku hizi ni mwema.

Mama mkwe alimshika mume wangu mkono mara moja tu, akaupapasa kidole kwa kidole. Akauachia. Tangu siku hiyo hakumwita tena mwanangu.

"Mgeni ameshakula?" alikuwa ananiuliza jioni.

Nilimkemea. Nilimwambia uzee umemwingia kichwani. Nilikuwa na furaha, mnaelewa? Nimeomba miaka mume wangu atoke kwenye vita, na sasa ametoka. Koti tu ndilo lilibaki kabatini, ndani ya mfuko wa plastiki. Jioni nikipita pale nilisikia kitu kikigonga mbao kidogo kidogo… tk… tk… Nilipandisha sauti ya televisheni.

Siku moja yeye mwenyewe akaniambia, "Mama Teta, tulichome lile koti. Limetusumbua."

Ningekataaje? Kanisani kwetu vitu vya giza huchomwa, kila mtu anajua. Pasta Rudasingwa akatupa uwanja wa nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Iroquois, akaweka pipa la chuma. Ndugu wa maombi walikuja jioni na makoti yao mazito, wakaimba na kupiga makofi. Koti likatiwa ndani ya pipa, likamwagiwa mafuta. Lilikuwa zito, wanaume wawili walilibeba wakihema.

Mume wangu akanipa kiberiti.

"Weye ndiye ulikuwa unalichukia," akasema. "Washa weye."

Niliwasha. Nilirusha kwa hasira ya miaka yote, nikasema shindwa.

Kwanza nilisikia kikohozi.

Nikadhani ni moshi, ni mmoja wa ndugu. Kikaja tena, kutoka ndani ya pipa. Halafu sauti. Chini ya nyimbo, chini ya makofi… sauti ya Kabera.

"Mama Teta… ni miye… vifungo… nifungulie vifungo…"

Niliingiza mikono yote miwili. Nilikipata kifungo kimoja, chuma chekundu, nikakivuta na nyama ya vidole ikabaki hapo. Mikono ilinizunguka kiunoni kutoka nyuma. Ilikuwa ya upole, na sikuweza kuitikisa hata kidogo. Mdomo ukaja sikioni.

"Acha," yule aliyenishika akaninong'oneza. "Anamaliza sasa hivi."

Ndugu waliponiona napiga mayowe walisema pepo linatoka, wakaimba kwa nguvu zaidi. Mama mkwe alikaa chini kwenye majani akajifunika kichwa. Ndani ya pipa aliendelea kuniita, kisha akawa analia tu bila maneno, kisha hakulia tena. Pasta akasema amina.

Vidole vyangu viwili havikunji tena. Jumapili iliyofuata mume wangu alitoa ushuhuda, alivyofungwa na roho ya vita na mke wake alivyomwombea akafunguliwa. Kanisa zima lilisimama kumshangilia Mungu, wanawake wakaja kunibusu mikono yenye bandeji. Mama mkwe amehamia Buffalo kwa binamu zake. Akipiga simu, hamuulizii mwanawe. Anauliza, "Mgeni wenu hajambo?" Namjibu hajambo.

Nimeshafikiria kumwambia Pasta. Nimeshafikiria kumwambia Teta. Ila nikisema huyu si Kabera, wataniuliza basi Kabera yuko wapi. Na miye najua ni nani aliyewasha kile kiberiti.

Kwa hiyo ni Kabera. Asubuhi nasimama mlangoni mwa chumba, namwita, "Baba Teta, chai tayari."

Naye anaitika.