Mlango Nyuma ya Kidoti

Mlango kwenye picha ile ulikuwa umefungwa. Fundi wa kurasa za mtandaoni angeweza kula kiapo, maana picha aliipiga mwenyewe, sebuleni kwake, na aliyesimama mbele ya mlango huo ni bintiye wa miaka sita, Kidoti, akicheka na pengo lake. Sasa ukurasa wa tatu ulionyesha mlango umeacha ufa.

"Macho yangu haya," akajisemea, akayafikicha.

Kazi yenyewe ilikuwa tovuti ya kliniki zenye matawi arobaini, kila tawi na ukurasa wake. Badala ya kuhangaika na kurasa arobaini, alitengeneza kiolezo kimoja: ukibadilisha kitu pale, kurasa zote zinafuata. Uvivu wenye akili, mumewe alipenda kumtania. Ukurasa wa kumi na saba tu aliukata kutoka kwenye kiolezo ukajitegemea, kwa sababu mkuu wa tawi hilo aling'ang'ania rangi yake. Penye nafasi ya picha, mafundi wenzake huweka kisanduku cha kijivu; yeye alitia picha ya Kidoti. Penye maneno akaandika ya kujazia tu: "Karibu. Ingia ndani, hapa ni kwako." Hakutaja anayekaribishwa. Nani angejali? Wiki ijayo yangefutwa.

Lakini picha ni moja, jamani. Moja! Ingewezaje kuwa na ufa kwenye ukurasa wa tatu, ufa mpana zaidi kwenye wa tano, na kwenye wa tisa vidole vinne vyembamba, vyenye pingili nyingi kuliko za binadamu, vimeushika ubao wa mlango kwa ndani?

Adhuhuri Kidoti alikuja mezani anajisugua bega.

"Mama, mwambie aniachie. Mkono wake wa baridi."

"Nani, mwanangu?"

"Huyo wa mlangoni."

Sebule ikanuka nywele zilizoungua. Fundi akafungua ukurasa wa kumi na mbili, na pale begani kwa mwanawe palikuwa na mkono. Alasiri ilipofika mtoto alikuwa anawaka homa, hasemi, hali, macho kayakodoa mlangoni. Fundi alimpigia simu shangazi wa mumewe, mganga, mwanamke asiyecheka ovyo.

Shangazi alifika, akanusa, akakataa kiti. "Umemkaribisha nani humu?" akanong'ona.

"Sijamkaribisha mtu, shangazi. Wallahi." Akamsogezea kompyuta.

Shangazi akasoma, midomo ikimcheza, akajishika kiuno. "Na hii nini? Hukutaja jina, basi kaja asiye na jina. Umemwambia mara ngapi?"

"Niliandika mara moja tu. Ila inatokea kwenye kurasa arobaini."

"Yeye kasikia mara arobaini. Sasa ingia kwenye kila ukurasa kwa mkono wako, futa hiyo karibu, mwambie atoke. Mmoja mmoja. Usinifanyie ujanja wako wa mjini, unanisikia?"

Akampakata mtoto, akaanza kumsomea. Fundi akafuta ukurasa wa kwanza, akaandika "Toka", na mlango wa chumbani, ule ule wa kwenye picha, ukagongwa kwa ndani. Akafuta wa pili, na kile kilichogonga kikaanza kukwaruza kwenda chini, polepole, mpaka usawa wa kichwa cha mtoto, harufu ya nywele ikawakaba koo wote wawili. Akafuta wa tatu, na Kidoti akapiga yowe ambalo mama yeyote akilisikia hawezi kuhesabu thelathini na saba mengine kama hilo, ndipo mkono wake, wenyewe, kwa mazoea ya miaka mingi, ukakimbilia kwenye kiolezo, ukafuta mara moja, ukaandika mara moja, ukahifadhi.

Kimya. Harufu ikakata. Kidoti akalowa jasho, akaomba maji, na mama yake akalia kwa furaha mpaka akakosa sauti.

"Umefunga milango yote?" Shangazi akauliza.

"Yote, shangazi." Naye aliamini hivyo.

Siku ya tatu, asubuhi, maneno halisi ya kliniki yakiwa yameshaingia kwenye kiolezo, msimamizi wa kliniki alipiga simu. "Dada, kazi safi. Ila ukurasa wa kumi na saba haujabadilika, bado una yale maneno ya zamani. Halafu yule binti umemtoa kwa nini? Mlango mtupu haupendezi."

Ule wenye rangi yake! Ulikuwa haufuati kiolezo tena. Akaufungua. Karibu. Ingia ndani, hapa ni kwako. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na mbele yake hapakuwa na mtu.

"Kidoti!" akaita. "Kidoti, uko wapi?"

"Abee, mama," mtoto akaitika kutoka jikoni.

"Abee, mama," mtoto akaitika kutoka chumbani.