Kifuko cha Kumeza Mawimbi

Kemilembe alikuwa akimenya ndizi mlangoni pa jiko, hapa kwetu Kimuli. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Miguu ilikuwa imevimba, na kichwa kilimuuma tangu juzi.

"Washa simu, Baba Benitha," alimwambia mumewe, Dastan. "Nesi alisema atanipigia majibu ya vipimo yakitoka."

"Bado siku tatu. Tabaka la kifuko halijakolea."

Simu ilikuwa ndani ya kifuko cheusi, chembamba kama ganda la kitunguu. Dastan alikipata kwa Placidius, mchuuzi wa kupita, akampa mbuzi jike. Placidius alisema mawimbi ya simu yanaharibu mtoto tumboni, na kifuko hiki kinayameza yote. Ila kwanza simu izimwe siku saba.

Siku saba. Mimi sijasahau. Yule aliyetuletea dawa ya mnyauko wa migomba naye alitukataza kuingia shambani siku saba. Tulipoingia, migomba ilikuwa imeoza, naye alishavuka wilaya. Mtu akikukataza kujaribu kitu chake mpaka aondoke, mshuku.

Kemilembe alishuku. Akamwita jirani yao Nadhira, fundi simu.

"Shemeji, nasikia umeifunga simu jela," Nadhira alisema.

"Cheka tu, fundi. Hii ni sayansi."

"Sayansi hiyo ipo kweli, nimeisoma. Ukiita mbele ya mwamba, sauti hurudi. Ukiita katikati ya migomba yenye matandazo mengi, hairudi. Chuma hurudisha mawimbi kama mwamba. Sasa wataalamu wametengeneza tabaka jembamba lenye vipande vidogo sana vya chuma, vimepangwa kwa kipimo cha wimbi fulani. Wimbi hilo likifika linanaswa humo, linageuka joto kidogo. Halirudi wala halipiti."

"Si ndicho hiki?"

"Tujaribu."

Akawasha simu, akaifunga ndani ya kifuko, akaipigia kwa simu yake. Kifuko kikaita.

Dastan akatabasamu. "Unaona? Hakijaharibu simu."

"Shemeji, fikiri kidogo. Mawimbi unayoyaogopa ndiyo hayo hayo yanayobeba sauti. Kama kifuko kinayameza, nimekupigiaje? Na kingeyameza kweli, simu isingeita kabisa. Hakiwezi kuchagua."

Kifuko kikaita tena. Safari hii hakuwa Nadhira. Kemilembe akapokea.

"Mama, tunakutafuta siku nne," nesi alisema. "Majibu yako si mazuri. Miguu imevimba?"

"Imevimba. Na kichwa kinauma."

"Njoo hospitali sasa. Usingoje kesho."

Dastan alikimbia kutafuta gari. Huko hospitali ya Nyakahanga walimkuta Kemilembe na presha ya juu sana. Daktari alisema wamewahi. Mtoto alizaliwa salama, na mama akapona.

"Ukiogopa simu, iweke mezani, ongea kwa spika," Nadhira alimwambia Dastan baadaye. "Usiizime mkeo akiwa mjamzito. Na mjamzito akivimba au kichwa kikimuuma, usimwulize mchuuzi. Usiniulize hata mimi. Mpeleke kwa nesi."

Mwezi uliofuata Placidius alirudi Kimuli na vifuko vipya. Dastan alimwomba jambo moja tu: atie simu yake mwenyewe ndani, apigiwe hapo hapo mbele ya watu.

Placidius akasema ana haraka.

Tukamwambia akae. Sisi hatuna haraka.